Je, wajua kwa nini bingwa wa Kiebrania aliachwa nje ya Biblia ya Mfalme James?

Wasomi wapatao 47 walishiriki kutafsiri Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James I. Hugh Broughton hakuwa mmoja wao. Wakati ule, Waingereza waliomfikia kwa Kiebrania walikuwa wa kuhesabu, tena yeye alikuwa ameililia tafsiri mpya miaka mingi kabla. Basi kilimponza nini? Mdomo.

Alizaliwa mwaka 1549 huko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Kasisi Bernard Gilpin alimsomesha, kisha akaingia Cambridge na kufundishwa Kiebrania na Mfaransa Antoine Chevallier. Baadaye akawa mhubiri mjini London.

Mwaka 1588 alitoa kitabu kilichopanga miaka ya Biblia tangu Adamu hadi Kristo. Kwake Maandiko hayangeweza kupishana hata kwa mwaka mmoja. Hata alama za irabu za Kiebrania (aliyepita madrasa anazijua zile za Kiarabu) aliziona kuwa ni za asili, wala hazikuongezwa na wasomi wa baadaye. Leo wataalamu wengi hawakubaliani naye katika hilo.

Hata wakati wake walikuwepo waliompinga. John Rainolds kule Oxford na Edward Lively kule Cambridge walitoa mihadhara dhidi ya kitabu chake. Mwingine angejibu hoja kwa hoja na kulala. Broughton alilipeleka shauri kwa Malkia Elizabeth I, akitaka wakubwa waamue nani mkweli. Kisha akaingia ugomvi mwingine: Kristo alipokufa alishuka wapi? Askofu Thomas Bilson alisema ni jehanamu hasa. Broughton akasema neno la Kigiriki, Hadesi, ni makao ya wafu tu, si mahali pa mateso. Mimi naona hapo alikuwa na hoja nzito, ila mwaka 1603 aliiandika kwa kumshambulia Bilson kwamba anaharibu dini na elimu yote.

Sasa tazama nani walikaa kwenye kazi ile ya tafsiri. Aliyemwomba mfalme tafsiri mpya, katika mkutano wa Hampton Court mwaka 1604, ni Rainolds. Lively akawekwa kuongoza kundi moja la watafsiri huko Cambridge, ingawa alifariki mwaka 1605. Mmoja wa wawili walioipitia kazi mara ya mwisho ni Bilson. Nani kati yao angemwita Broughton?

Yeye alikuwa Middelburg, Uholanzi, akiwahubiria Waingereza wa huko. Biblia ilipomfikia, aliandika kwamba mfalme aambiwe hivi: heri yeye Broughton araruliwe vipande na farasi wa porini kuliko kukubali makanisa maskini yalazimishwe tafsiri ya namna hiyo. Kufikia hapo alikwisha kuwa kichekesho hata kwenye jukwaa la London: katika tamthilia ya Ben Jonson ya mwaka 1610, mwanamke anayejifanya kichaa anabwabwaja maneno yaliyotoka kwenye kitabu chake cha miaka.

Mwishoni mwa mwaka 1611 alirudi Uingereza akiwa mgonjwa. Alifariki Agosti 4, 1612, huko Tottenham. Miaka 50 baadaye, mwaka 1662, maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa na John Lightfoot, kasisi mwingine aliyebobea katika Kiebrania.