Mguu Unapotua: Kurekebisha Mrusho wa Kijana katika Besiboli

Mzazi au kocha anapotaka kumsaidia mtoto kurusha mpira wa besiboli kwa kasi na kwa shabaha, macho yake huenda moja kwa moja mkononi. Hilo laeleweka, kwa kuwa mkono ndio unaoachia mpira, lakini makosa mengi yanayoonekana mkononi huwa yameanzia miguuni na kiunoni. Nguvu ya mrusho hutoka ardhini, ikapanda kwa mguu wa nyuma hadi kwenye nyonga, kisha kiwiliwili, bega, kiwiko na hatimaye vidole. Sehemu moja isipotimiza zamu yake, inayofuata hulazimika kufidia, na kwa mtoto mzigo huo mara nyingi huishia begani au kwenye kiwiko.

Wataalamu wa mwendo wa mwili huugawa mrusho katika hatua 6, ila kwa mtu aliye uwanjani na simu yenye kamera, picha moja yatosha kuanzia: ile ya wakati unyayo wa mbele unapokanyaga chini. Simama upande ambao kifua cha mtoto kinautazama anapojiandaa kurusha, mrekodi kwa mwendo wa polepole, kisha isimamishe video hapo mguu unapotua. Ikiwa anarusha kwa mkono wa kulia, unyayo wake wa kushoto uwe umeelekea kwa mdakaji, yaani mchezaji anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, vidole vikigeukia kulia kidogo tu, na goti likiwa limekunjwa. Mkono wenye mpira uwe umeshapanda, kiwiko kikikaribia usawa wa mabega, nacho kifua kiwe bado kinatazama pembeni ingawa nyonga zimekwisha kuanza kugeukia mbele.

Tofauti hiyo kati ya nyonga na mabega ndiyo kiini cha mrusho mzuri, na ndiyo inayowashinda watoto wengi. Nyonga zikitangulia, misuli ya tumbo na ya mgongo huvutika, kisha hufyatuka na kukizungusha kifua kwa kasi ambayo mkono peke yake haungeweza kuizalisha. Mtoto anayefungua kifua mapema huipoteza nguvu hiyo: mkono wake hubaki nyuma, akalazimika kuuvuta kwa nguvu ili uwahi, na mpira mara nyingi hupaa au hutoka nje upande wa mkono anaorushia. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba mkono wenye glovu umetupwa pembeni, ukaliburura bega na kichwa pamoja nao. Mwagize aitulize glovu mbele ya kifua na kukiacha kifua kiifuate. Amri ya “inua kiwiko!”, ambayo kwa maoni yangu hutolewa mara nyingi kuliko inavyosaidia, haitibu kitu ikiwa kiwiko kimechelewa kwa sababu mwili umeharakisha.

Urefu wa hatua usilazimishwe. Warushaji waliokomaa hupiga hatua inayokaribia asilimia 80 ya kimo chao au kuizidi, lakini mtoto ambaye miguu yake haijapata nguvu akiambiwa aiige ataanguka pembeni na kupoteza mizani. Kuhusu mshiko, vidole viwili vya juu vikatize mshono wa mpira, kiganja kisiugandamize. Mwenye mkono mdogo aongeze kidole cha tatu.

Uangalifu wote huu una sababu ya kimwili. Upande wa ndani wa kiwiko cha mtoto kuna gegedu ambalo bado linakua, na ndilo dhaifu kuliko ligamenti inayouunga mfupa hapo. Mrusho wenye kasoro hulivuta gegedu hilo tena na tena hadi livimbe au hata kubanduka. Mtoto akilalamikia maumivu upande huo, aache kurusha na apelekwe kwa daktari. Kumpa dawa ya kutuliza maumivu ili amalize mchezo ni kumwongezea jeraha.

Marekebisho yafanywe moja baada ya jingine, kwa umbali mfupi na kwa nguvu ndogo. Mwanzoni mtoto asimame miguu ikiwa imeshatanuliwa, arushe kwa kuzungusha nyonga na kifua tu. Mwendo ukikaa sawa ndipo hatua iongezwe, na mwishowe mrusho kamili kutoka kwenye kilima, yaani tuta dogo ambalo mrushaji husimama juu yake.

Hata mrusho uliofundishwa vyema huharibika kwa uchovu: kiwiliwili husimama wima mno, kiwiko hushuka, na mipira huanza kupita juu mno, nje ya eneo ambalo mpigaji anatarajiwa kuipiga. Kwa hiyo kuhesabu mirusho ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mwongozo wa Pitch Smart unaotumika Marekani unaweka kikomo cha mirusho 75 kwa siku kwa wenye miaka 9 hadi 10, 85 kwa miaka 11 hadi 12, na 95 kwa miaka 13 hadi 14. Katika makundi hayo yote ya umri, aliyefikisha mirusho 66 kwa siku apumzike siku 4. Mtoto anayetoka kwenye kilima asipewe kazi ya udakaji siku hiyohiyo, kwa kuwa mdakaji naye hurudisha mpira karibu kila baada ya mrusho. Kucheza kwenye beisi ya kwanza, ambako mchezaji hurusha mara chache, huupa mkono nafasi zaidi ya kupumua.