Mbegu ya Bakteria kwa Siki ya Mabibo

Kila msimu wa korosho ukikaribia, wasindikaji wa Mtwara na Lindi hutuuliza kama mbegu ya siki iliyoboreshwa (bakteria wanaoanzisha uchachushaji) ni ya "kutengenezwa", yaani imebadilishwa jeni, na kama ina madhara.

Uraka, yaani pombe ya mabibo, ukiachwa wazi huchachuka: bakteria aina ya Acetobacter hutumia oksijeni kugeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Kwa jikoni yatosha. Kiwandani bakteria wa kuokoteza hulemewa asidi inapopanda, na wengi wao hupenda nyuzijoto 30 hivi, ilhali uchachushaji wenyewe huzalisha joto. Kupoza tangi hapa Mtwara mwezi Novemba ni bili ya umeme. Ndiyo maana watafiti nchini Thailand waliwatafuta Acetobacter wanaofanya kazi kwenye nyuzi 37 na zaidi.

Kuboresha mbegu si lazima kuhamisha jeni. Tumelisema hili hadi tumechoka. Mara nyingi bakteria hukuzwa kwenye kileo na asidi inayoongezwa kidogo kidogo, wakabakizwa wanaostahimili. Wengine hupigwa mionzi ya urujuanimno, kisha wanachujwa wengi apatikane mmoja wa maana.

Uhandisi jeni ni habari nyingine. Hapo zinahusika kanuni za Tanzania za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kibali huombwa kwanza, pamoja na tathmini ya madhara, ndipo mbegu iingizwe nchini. Kusema "niliagiza mtandaoni tu" hakufuti kosa.

Linalowaponza wengi ni kuhamisha mbegu chupa hadi chupa msimu mzima. Acetobacter hubadilika wenyewe upesi, na baadhi hupoteza kabisa uwezo wa kuchachua kileo. Hifadhi mbegu mama ikiwa imegandishwa au kukaushwa, uanze upya kutoka hapo. Pia kileo kikikaribia kwisha, toa siki. Ukichelewa, bakteria huigeukia asidi yenyewe na kuifanya hewa ya ukaa na maji. Halafu mnakuja kulalamika kwamba mbegu ni mbovu!

Asidi ya kemikali iliyozimuliwa kwa maji isiandikwe "siki ya mabibo". Kutumia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya 2009. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) kwa barua ya utambulisho. Sampuli ya kupimwa ije kwenye chupa itakayouzwa, yenye lebo, si kwenye chupa ya maji ya kunywa.