Je, wajua kwa nini uso unaweza kung'aa mafuta huku ngozi ikiwa na kiu ya maji?

Umenawa uso asubuhi kwa sabuni, umejifuta kwa taulo, na papo hapo unahisi ngozi imebana, hasa pembeni mwa mdomo ukitabasamu. Mchana ukijitazama kwenye kioo, paji la uso na pua vinameremeta. Sasa hiyo ni ngozi kavu au ngozi ya mafuta? Wengi hukwama hapo, wakanunua vipodozi vya aina zote mbili, na uso ukazidi kuharibika.

Ukweli ni kwamba ngozi inaweza kuwa ya mafuta na bado ikakosa maji, kwa sababu kila kimoja kina njia yake. Mafuta hutoka kwenye tezi ndogo zilizokaa kwenye mashina ya vinyweleo. Zimesongamana usoni na kichwani, lakini viganjani na nyayoni hakuna hata moja, ndiyo maana kiganja hutoka jasho ila hakitoi mafuta. Tezi hizo huamrishwa na homoni, hasa zile zinazopanda wakati wa kubalehe, na kiasi kingine ni cha kurithi tu.

Maji nayo huzuiwa yasitoroke na tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo usoni ni jembamba kuliko karatasi. Seli zake zilizokufa zimepangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta ya namna nyingine, kama seramidi na kolesteroli, yanayozishika kama saruji. Saruji hiyo ikimomonyoka, maji huvukia hewani na ngozi hubana na kuwasha, hata kama tezi zinaendelea kumwaga mafuta juu yake.

Anayeimomonyoa mara nyingi ni sabuni. Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ndiyo yenye asidi zaidi) ya karibu 5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande hufika 9 au 10. Ule usafi wa kidole kulia "kwii" juu ya shavu, ambao tumezoea kuusifu, kwangu ni ishara kwamba umenawa kupita kiasi.

Kwa hiyo ukitaka kuijua ngozi yako, usiipime ikiwa bado imebabaishwa na sabuni kali. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na kisafishio laini, kausha kwa kugusagusa, kisha usipake chochote. Kaa nusu saa hadi saa nzima. Chukua vipande vya tishu, bandika kimoja kwenye paji, kingine puani, kingine shavuni na kingine kidevuni, bonyeza kidogo, halafu viinue kwenye mwanga. Panapopenya mwanga ndipo palipolowa mafuta. Vyote vikiwa na madoa, ngozi yako ni ya mafuta. Vikilowa vya paji, pua na kidevu huku cha shavu kikiwa kitupu, una ngozi mchanganyiko. Kama hakuna doa na uso umebana au umepauka, ni kavu. Kama hakuna doa na huhisi lolote, hongera, ni ya kawaida. Usijipime ukiwa umetoka mazoezini.

Ngozi nyeti sijaitaja kwa makusudi, kwa kuwa si kundi la tano. Ngozi yoyote kati ya hizo inaweza kuwa nyepesi kuwashwa. Na makundi yenyewe hayakuanzia hospitalini: hutajwa zaidi na jina la Helena Rubinstein, mfanyabiashara wa vipodozi wa mwanzoni mwa karne ya 20. Yachukue kama dira tu, maana ngozi hubadilika kwa umri, msimu na homoni.

Mwenye ngozi ya mafuta hukosea zaidi anapoacha kabisa kupaka losheni. Anahitaji nyepesi, isiyoziba matundu, yenye glisirini ya kuvuta maji. Kunawa mara mbili kwa siku kunatosha. Mwenye ngozi kavu apake krimu nzito au mafuta ya mgando uso ukiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta hayo hayaongezi maji, yanafungia yaliyopo. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefungia ukavu. Wa mchanganyiko apake kila sehemu inachotaka. Hakuna sheria kwamba pua na shavu vitumie kopo moja.

Kinga ya jua ni ya wote. Yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza. Ngozi nyeusi ina msaada wa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, lakini melanini hiyohiyo ndiyo huacha madoa meusi chunusi zikipona, na jua huyakoleza.

Kitu kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa, kimoja kimoja. Ukianza vitatu kwa pamoja na uso ukaumuka, hutajua umlaumu nani. Mimi ningeanza na kubadilisha ile sabuni. Mbano wa asubuhi utapungua. Mng'ao wa mchana utabaki kwa kiasi, maana huo ni wa tezi, na tezi hazijui umenawa kwa sabuni gani.