Barakoa ya Usingizini Haimpi Kijana Oksijeni

Kijana wa Kampala anapoanza kulala na barakoa ya mashine kwa sababu pumzi yake hukatika usingizini, ndugu zake, wakikumbuka wagonjwa wa UVIKO-19, hudhani kwamba anapewa oksijeni na kwamba mapafu yake yatauzoea msaada huo hadi yashindwe kujitegemea. Dhana hiyo si sahihi, tena inaumiza, kwa kuwa humfanya kijana aivue barakoa kwa aibu. Mashine hiyo, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliitangaza mwaka 1981, huvuta hewa ileile ya chumbani na kuisukuma kwa mgandamizo mdogo, ili njia ya hewa kooni, ambayo misuli yake hulegea mtu anapolala, isizibe. Mapafu hupumua yenyewe. Bila mashine hiyo, pumzi inaweza kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kwa usiku mmoja, hata kwa kijana mwembamba.

Wiki za kwanza ni ngumu kweli, kwani pua hukauka na barakoa huvuja. Ninashauri aivae kwanza jioni akiwa macho, akisikiliza redio, na aombe mapema abadilishiwe barakoa ikiwa saizi yake haimkai vizuri. Umeme ukikatika, mashine husimama, kwa hiyo aivue barakoa mara moja.