Kichanga kwenye bustani ya burudani: kinachoamua sio rolakosta

Hili swali nalipata sana kliniki, na mara nyingi linakuja mwishoni kabisa, mama ameshamfunika mtoto na ameshasimama: daktari, tuna safari ya kwenda kwenye zile bustani kubwa za burudani, mtoto atakuwa na wiki sita hivi, kuna ubaya? Ukichimba kidogo unakuta safari ilishalipiwa kitambo kabla hata mimba haijajulikana, au kuna mtoto mkubwa wa miaka mitano aliyeahidiwa na kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi. Kwa hiyo mi sijibu "msiende" afu basi, nawaelewa kabisa. Ila nina msimamo, na hautokani na kitu ambacho watu wengi wanadhani.

Wengi wanadhani ntaanza na rolakosta, ile treni ya kasi inayopanda na kushuka ghafla. Hapana, hizo hazina mjadala, kuna vipimo vya urefu na hakuna anayempandisha kichanga. Ntagusia tu kwamba mtoto anaanza kuikaza shingo vizuri kwenye miezi minne hivi, kwa hiyo kabla ya hapo chochote kinachoshtua, kinachozunguka kwa kasi au kinachogongana usipande nae, hata kama mlinzi wa getini kasema watoto wa mikononi ruksa. Boti inayokwenda taratibu, treni inayozunguka bustani polepole, sawa.

Kinachoamua ni homa.

Mtoto chini ya miezi mitatu akifika nyuzi joto 38 ni dharura, hata kama ananyonya, hata kama anaonekana yuko poa. Sio kwamba kila homa ya kichanga ni kitu kibaya, wengi mwisho wa siku inakuwa ni kirusi cha mafua tu kaletewa na kaka yake, shida ni kwamba kwa kumtazama huwezi kutofautisha. Kinga yake bado changa, bakteria wakiingia kwenye damu wanakimbia haraka mpaka kwenye ubongo, na yeye hana namna ya kukuonyesha, mkubwa atalalamika kichwa na shingo kukaza, kichanga anachofanya ni kulala zaidi na kunyonya kidogo kuliko jana. Ndo maana madaktari hatumwangalii kwa macho tu tukamruhusu arudi nyumbani.

Ngoja nikwambie inavyokuwa ukifika nae emejensi ili uone picha. Wanamvua nguo zote, wanampima joto njia ya haja kubwa, wanatafuta mshipa kwenye mkono ambao ni mwembamba mno na mara nyingi haupatikani kwa mara ya kwanza. Mkojo hawasubiri akojoe kwenye pampasi, wanachukua kwa kampira kadogo ili usichanganyike na wadudu wa kwenye ngozi. Akiwa chini ya siku 28 mara nyingi wanamlaza ubavu, wanamkunja magoti na kidevu, wanachukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano, afu anaanzishiwa antibayotiki za mshipa na analazwa mpaka majibu ya kuotesha wadudu yatoke, siku moja mbili hivi na wakati mwingine zaidi. Haya yote ni sahihi na mi mwenyewe ndo ninayoyafanya. Sasa yafikirie yakitokea kwenye mji usioujua, bima yako hujui kama inamgusa mtoto ambaye jina lake limeingizwa wiki iliyopita, mtoto mkubwa analia hotelini anataka kwenda kwenye bembea, na wewe kidonda cha operesheni bado kinavuta.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "je atapata homa", hilo hakuna anayejua. Jiulize: ikimshika usiku wa pili wa safari, tutakuwa wapi, na tutampeleka kwa nani? Ukiwa na jibu linaloeleweka, endelea kusoma. Ukikosa, ahirisha.

Msongamano ndo unaongeza uwezekano wa hiyo homa. Foleni za ndani, watoto wengi wanakohoa, kila mtu anashika vyuma vilevile. Na kuna magonjwa mawili yananifanya niwe mkali zaidi ya mafua. La kwanza surua. Desemba 2014 surua ilianzia Disneyland, bustani ya burudani kule Anaheim, California, watu wakaipatia pale wakaondoka nayo kwenye majimbo mengine, Marekani peke yake walifika 147 na ikavuka mpaka nchi jirani. Baadhi ya walioumwa walikuwa watoto ambao umri wa kuchanjwa ulikuwa bado. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, yaani humwoni, hujamgusa, mmepishana tu kwenye foleni. Chanjo yake kwa kawaida ni miezi 9 au 12 kulingana na ratiba ya nchi yako. Mama aliyechanjwa au aliyewahi kuugua anampa mtoto kinga kidogo tangu tumboni na hiyo inasaidia sana mwanzoni, ila inapungua kadri miezi inavyoenda. Kama kuna taarifa za mlipuko kule mnakoenda, hapo sina mjadala, msimpeleke.

La pili ni kifaduro. Kwa mtu mzima ni kikohozi kinachochosha kwa wiki kadhaa. Kwa mtoto wa wiki tano kinaweza kisiwe hata na kikohozi, anaacha tu kupumua kwa sekunde kadhaa, anabadilika rangi, anakuwa wa bluu mdomoni. Chanjo yake ya kwanza ni wiki 6 au miezi 2, na dozi moja peke yake bado haitoshi. Kinachomlinda zaidi wiki hizo za mwanzo ni mama kuchanjwa akiwa mjamzito, wengi tunapendekeza kati ya wiki ya 27 na 36, kwa hiyo kama bado una tumbo na unasoma hii, uliza kliniki yako. Na bibi na babu na shangazi wanaoambatana nanyi, chanjo zao ziko vipi? Mwenye kikohozi akae mbali na mtoto, na asione aibu kuambiwa.

Sasa joto, maana hizi bustani nyingi ni lami na jua. Kichanga hatoki jasho vizuri na hawezi kujifunua. Kosa ninaloliona sana ni kufunika kigari kwa shuka au kitenge ili jua lisimpige. Ukitaka kujua kwa nini nakataza, funika hicho kigari kwenye jua dakika chache afu ingiza mkono ndani, utakuta hewa imekwama, ni nzito na ina joto kuliko nje. Kivuli kitoke juu, mwavuli au paa la kigari, pembeni hewa ipite. Mguse kisogoni na kifuani, usiguse viganja vyake kwa sababu viganja vinakuwa vya baridi hata akiwa amepata joto. Losheni ya jua chini ya miezi 6 hatupendekezi, ni kivuli na nguo nyepesi ndefu. Na tafadhali sana, maji ya kunywa usimpe. Nasikia kila mara, "kulikuwa na jua tukampa kidogo tu". Figo zake haziyawezi, maji yanapunguza chumvi kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege, akiwa na kiu anyonye mara nyingi zaidi, maziwa yana maji yote anayohitaji. Hesabu pampasi, anayenyonya vizuri baada ya siku tano za mwanzo analowesha sita au zaidi kwa siku. Zikipungua na utosi umebonyea, ondokeni hapo muende akaonwe.

Kama anatumia maziwa ya kopo, kumbuka maziwa yaliyokorogwa hayakai nje zaidi ya saa mbili, na akishaanza kunywa ni saa moja tu, yaliyobaki mwaga. Beba maji yaliyochemshwa kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa pembeni, ukoroge palepale.

Mama, nakuja kwako, maana wewe ndo unasahaulika kabisa kwenye hii mipango. Watu wanauliza mtoto ataweza, hakuna anayeuliza mama ataweza. Siku moja ya bustani kubwa watu wanatembea kilomita kumi na zaidi bila kujua, na kusimama foleni ni mbaya kuliko kutembea. Wewe bado unatokwa na damu ya uzazi, hiyo inaweza kwenda mpaka wiki sita, na ukijichosha utaiona imerudi kuwa nyekundu baada ya kuwa ilishaanza kuwa kahawia, huo ni mwili unakwambia kaa chini. Ikiwa nyingi ya kulowesha pedi ndani ya saa moja, hospitali. Wiki sita za mwanzo ndo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu iko juu kabisa, weka na safari ndefu ya kukaa kwenye ndege au gari, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri mrudi nyumbani. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu pia, presha ya uzazi inaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Afu piga hesabu ya kunyonyesha. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Kwenye saa kumi za bustani hiyo ni mara nne tano, na kila moja ukiweka kumnyonyesha, kumcheulisha, kubadilisha pampasi, ni kama dakika 40. Kama saa tatu hivi zimeenda umekaa. Sio mbaya, ila familia ikubaliane kabla, la sivyo mama anajikuta anamkatisha mtoto ziwa ili wawahi onyesho, na hapo kila mtu anapoteza. Na wewe mwenyewe usipande vitu vya kurusharusha kabla hujapimwa na kuruhusiwa, misuli ya nyonga bado imelegea na wengi wanarudi wakilalamika mkojo unawatoka.

Basi msimamo wangu. Chini ya miezi miwili, kama kuna uwezekano wa kusogeza tarehe, sogeza, pigia hoteli na shirika la ndege waulize. Kati ya miwili na mitatu inategemea, chanjo za kwanza amepata, mama yuko imara, hospitali ya watoto iko karibu, hakuna mlipuko, tunaweza kuongea. Kuanzia mitatu, aliyezaliwa kwa wakati na anakua vizuri, nendeni. Na niseme ukweli, mtoto wa miezi minne ni rahisi kusafiri nae kuliko wa mwaka mmoja, analala popote na hatambai. Kuahirisha hakukugharimu tiketi yake pia, Disney kule Florida na Paris kwa mfano chini ya miaka mitatu wanaingia bure.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu hawaifikirii: mzazi mmoja aende na mkubwa, mwingine abaki nyumbani na mdogo. Mkubwa aliyepata mdogo hivi karibuni, kuwa na baba peke yake siku mbili tatu anafurahi kuliko unavyodhani.

Mkienda, nendeni geti linapofunguliwa na mtoke jua linapokuwa kali, rudini hotelini, nguvu zikibaki mnarudi jioni. Ulizeni kama kuna utaratibu wa wazazi kupokezana, Disney wanao, mmoja anabaki na mtoto mwingine anapanda, afu wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Ulizeni pia vyumba vya kunyonyeshea viko wapi, ni vya kiyoyozi na vimetulia, mi ningeviwekea alama kwenye ramani kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye kibebeo uso wake uuone muda wote, kidevu kisigande kifuani, na kumbuka miili miwili iliyobanana inapata joto haraka. Fataki za usiku kaeni mbali sana nazo au msiende kabisa, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kwa mtoto mlio wa ghafla usizidi desibeli 120 na karibu na fataki hiyo inavukwa, vifuniko vya masikio vinasaidia ila umbali unasaidia zaidi.

Ndege, mashirika mengi yanapokea mtoto kuanzia siku 7, mengine 2 kwa barua ya daktari, mengine 14, soma masharti ya shirika lako. Mnyonyeshe inapopaa na hasa inapoanza kushuka. Siti ya gari ni ya kusafiria tu, mkifika mtoe, asiendelee kulala humo. Hotelini omba kitanda chake, godoro gumu, bila mito wala blanketi laini, chali, kila usingizi. Ile uchovu wa siku nzima halafu mzazi anapitiwa na usingizi kwenye sofa na mtoto kifuani, hiyo inaniogopesha kuliko bustani yenyewe.

Kwa wenye watoto njiti, miezi niliyotaja hapo juu muihesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, chanjo ndo zinabaki kwenye tarehe aliyozaliwa. Na kama ana tatizo la moyo, mapafu, au alitoka hospitali na oksijeni, usitumie hii post kuamua, ongeeni na daktari wake kwanza, hasa kuhusu ndege, kwa sababu hewa ya mle ndani ni kama uko mlimani mita 1,800 mpaka 2,400 na wengine inabidi wapimwe kabla.