Jeni na aleli si kitu kimoja: mfano wa selimundu

Ukiandika kwenye mtihani kwamba mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ana jeni ya selimundu na asiyeugua hana, umekosea. Jeni yenyewe kila mtu anayo. Inaitwa HBB, iko kwenye kromosomu ya 11, na imebeba maelekezo ya kutengeneza beta-globini, sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Watu hutofautiana kwa toleo la jeni hiyo walilorithi, na toleo hilo ndilo aleli.

Herufi moja tu ya DNA ndiyo inayotofautiana. Pale aleli A, ile ya kawaida, inaposomeka GAG, aleli S, ile ya selimundu, inasomeka GTG, hivyo kwenye protini asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki inatoka na nyingine, valini, inakaa mahali pake. Hemoglobini S ikipungukiwa oksijeni hushikana ikawa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu.

Aleli mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndizo zinazotupa jenotaipu: AA, AS au SS, na mwenye SS ndiye mgonjwa. Kinachoonekana au kupimika mwilini ni fenotaipu, na hapo ndipo wengi huteleza, maana huwezi kusema S "imejificha" kabla hujataja unaangalia nini. Kwa afya, mwenye AS kwa kawaida haumwi, basi A imetawala. Kwa protini hakuna iliyotawala: damu yake ikipimwa kwa elektroforesisi, yaani kutenganisha protini kwa umeme, mstari wa A na wa S yote hujitokeza, ilhali mwenye SS hana mstari wa A. Tena AS ana kinga zaidi ya AA dhidi ya malaria kali, jambo alilolionyesha mtafiti Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki.

Kipimo cha haraka cha damu kutiwa dawa kwenye tyubu, kisha kutazama kama mistari ya karatasi iliyo nyuma yake inaonekana, hutambua tu kuwa S ipo. AS na SS wote huifanya tyubu iwe na ukungu, kwa hiyo usiandike jenotaipu kwa kipimo hicho peke yake.

Wazazi wote wakiwa AS, uwezekano wa kupata mtoto SS ni robo kwa kila mimba. Haina maana kwamba katika watoto wanne lazima mmoja augue: uwezekano wa wote wanne kuikwepa SS ni 81/256, karibu asilimia 32. Na kama wa kwanza ni SS, wa pili naye ana robo ileile.