Ndizi ya mtori na seli: yale tunayoyakariri vibaya

Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa amekaa jikoni kwangu hapa Rau, Moshi, daftari la baiolojia magotini, mimi namenya ndizi za mtori. Akasoma kwa sauti: "Mmea una kloroplasti, mnyama ana mitokondria." Nikamsimamisha hapo hapo. Sentensi hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wengi niliowafundisha tuisheni, na makosa mengi huanzia hapo.

"Shangazi, si ndivyo ilivyo?"

Sivyo, mwanangu. Mmea una vyote viwili. Kloroplasti hutumia mwanga, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza sukari. Lakini sukari peke yake haiendeshi kazi za seli. Lazima ivunjwe, kwanza kwenye sitoplazimu, ule uteute unaojaza seli, kisha ndani ya mitokondria, ndipo ipatikane ATP, kemikali inayobeba nishati inayotumika karibu kila mahali. Mizizi ya mgomba, kule gizani chini ya samadi, haina kazi ya kloroplasti; inaishi kwa sukari inayoshuka kutoka kwenye majani na kwa mitokondria zake yenyewe. Na ile kauli kwamba mimea hupumua usiku tu, nayo ianguke hapo. Inapumua saa zote. Mchana jua likiwaka, usanisinuru, yaani huko kutengeneza sukari kwa mwanga, hutoa oksijeni nyingi kuliko ile inayotumika, ndiyo maana kupumua kwake hakuonekani.

Dhana nyingine inatokana na michoro. Retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, huchorwa kama mabomba, basi mwanafunzi anaona protini zikitiririka humo mpaka nje ya seli, kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanavyoshuka kihambani kwenye migomba. Chukua seli ya kongosho inayotengeneza insulini. Nakala ya maelekezo inatoka kwenye kiini kupitia vitundu vya utando wake. Ribosomu, ambazo zenyewe hazina utando, zinaisoma zikiwa zimejibandika juu ya retikulamu, na protini inaingizwa ndani, inakokunjwa ikae umbo lake. Kutoka hapo hakuna mfereji. Sehemu ya utando inatuna, inajikata, inakuwa kifuko kidogo chenye mzigo. Kifuko kinasafiri hadi Golgi, rundo la vifuko bapa vya utando, kinaungana nayo. Golgi inarekebisha, inachambua, inafungasha upya, na vifuko vipya vinasubiri karibu na utando wa seli mpaka sukari ya damu ipande. Ni madumu yanayobebwa, kila moja lina mahali pa kushushwa. George Palade aliifuatilia safari ya protini namna hii katika seli za kongosho, na mwaka 1974 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

De Duve ndiye aliyeitambua lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya vya kuvunja vitu, mwaka 1955. Wanafunzi huambiwa ni bomu la seli kujiua. Kazi yake ya kila siku ni kuvunja vilivyochakaa, hata mitokondria mbovu, ili malighafi itumike tena. Vimeng'enya vyake hufanya kazi vizuri penye tindikali, na nje ya lisosomu tindikali hiyo haipo, kwa hiyo kuvuja kidogo hakuui seli.

Kwamba kiini kinatawala kila kitu? Kinatunza DNA, ndiyo. Lakini mitokondria nayo ina DNA yake, jeni 37 kwa binadamu, tunayorithi kwa mama. Hata hivyo haijitegemei: protini zake nyingi zinatokana na maelekezo ya kiini, zinatengenezwa nje, kisha zinaingizwa ndani. Nacho kiini bila ATP hakinakili chochote.

Hapo nikaacha kumenya, nikamwonyesha. Vakuoli ya mmea tunaiita tangi la maji, na kweli jani likinyauka ni kwa sababu vakuoli zimepungukiwa. Ila humo kuna mengine pia. Kwenye seli za ndizi, vakuoli inahifadhi kemikali za jamii ya fenoli, na kimeng'enya kinachozigeuza rangi kimekaa kwenye plastidi, ndugu za kloroplasti, ambazo pia ndizo zinazohifadhi wanga wa ndizi mbichi. Tando zinawatenganisha maisha yote ya seli. Kisu kikipita, tando zinapasuka, fenoli na kimeng'enya vinakutana, oksijeni ya hewani inaingia, ndizi inageuka kahawia. Kwa nini tunazitumbukiza kwenye maji mara tu tukimenya? Hewa isizifikie kirahisi. Ukiweka ndimu, tindikali inakidhoofisha kimeng'enya.

Akachukua ndizi moja, akaikata katikati. Nusu akaitia kwenye sufuria la maji, nusu akaiacha juu ya kibao. Nilipomaliza kumenya mkungu, ile ya kibaoni ilikuwa na madoa ya kahawia usoni. Akafungua daftari, akafuta ile sentensi.